Sikio Katika Ukumbi wa Fahari

Mji mzima ulimwita Sikio, naye kwa jina hilo alitembea kifua mbele. Alilipata ujanani, enzi alipokuwa akifunga spika kwenye harusi na mikutano. Alikuwa akipita mbele ya duka la mtu, anasimama, anainamisha kichwa, anasema, "Spika yako ya kushoto imepasuka." Mwenye duka akiifungua, anakuta kweli imepasuka. Mtu mwenye jina kama hilo hawezi kuwa kiziwi, kama vile mtu aitwaye Tajiri hawezi kuonekana akiomba chumvi kwa jirani.

Basi masikio yakaanza kumtoroka, taratibu, bila kuaga, na siri hiyo ikajulikana na kila mtu wa nyumba yake isipokuwa yeye mwenyewe. Nyumbani kwao methali ya sikio la kufa kutosikia dawa ilipigwa marufuku. Hakuna aliyeipiga marufuku kwa mdomo. Watu waliiona tu inakuja, wakaimeza.

Wa kwanza kujua alikuwa mkewe. Yeye alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa kwenye chumba cha mbele, karibu na dirisha. Mumewe aliweka meza yake ya kutengenezea redio chumba hichohicho, lakini ukutani, hivyo mchana kutwa mkewe aliutazama mgongo wake. Siku moja alimwambia, "Chuma chako cha kuchomelea kinaunguza meza." Mgongo haukujibu. Meza ikaendelea kutoa moshi, na mzee akaendelea kuimba kwa pua. Mkewe akaachia kitambaa, akamtazama vizuri, kisha akasema kwa sauti ileile ya kawaida, "Una kichwa kigumu kama kisiki." Mzee akaimba ubeti wa pili.

Mke mwingine angelia. Huyu naye alilia kidogo, usiseme hakulia. Lakini binadamu huzoea, na baada ya muda akagundua kwamba Mungu amempa kitu ambacho wake wengi wanakitafuta maisha yao yote, yaani mume wa kumwambia chochote. Akaanza kuuambia ule mgongo yale madogomadogo, kwamba anakoroma, kwamba anaacha kijiko ndani ya sukari. Kisha akafika kwenye makubwa. Dada wa mumewe, aliyekuja kwa wiki moja akakaa masika yote, akiionja kila sufuria na kukunja uso. Kipande cha kitambaa cha bluu alichoahidiwa tangu binti yao hajaota meno. Alisema yote huku mguu wake ukikanyaga cherehani, na akimaliza anajisikia mwepesi. Siku mojamoja hata mema yalimponyoka, akayasema pia. Hapakuwa na ndoa yenye amani kama ile mtaani, na majirani waliitolea mfano.

Amani hiyo ilivunjwa na mjukuu.

Binti yao alikuwa anafanya kazi ofisi ya bima, na kila asubuhi alimwacha mwanawe hapo kabla ya kwenda kazini. Babu alimwita Chifu, kwa sababu mtoto alikuwa na tumbo la madaraka na hakufanya kazi yoyote. Mzee alimpenda mjukuu huyo mapenzi ya aibu. Alimpa bisibisi achezee, kitu ambacho hata mkewe hakuruhusiwa kugusa. Alimbeba begani akizunguka naye mtaani, akimwonyesha kwa watu ambao walikuwa wameshaonyeshwa jana.

Siku moja mkewe alitoka kidogo kwenda kununua uzi. Binti alirudi mapema, akafungua mlango, akamkuta Chifu chini ya kitanda, amekwama mguu, amewiva kwa kilio mpaka sauti imekauka. Hatua chache kutoka hapo mzee alikuwa amekaa, amempa mtoto mgongo, anafunga redio ya watu, anaimba kwa pua.

"Baba, mtoto analia," alisema binti, akiwa amemshika mtoto mikononi.

Mzee aligeuka kwa sababu kivuli kilipita mezani. Akatabasamu. "Umewahi leo. Huyu hajanisumbua kabisa. Amelala tu."

Jioni ile binti alizungumza na mama yake jikoni, na hakupandisha sauti, jambo lililomtisha mama zaidi. Alisema baba aende kwa daktari wa masikio. Asipokwenda, mtoto atapelekwa kwa mama mkwe. Mama mkwe aliishi mji mwingine, safari ya kutoka alfajiri mpaka jua kuzama, na alishaandaa kitanda.

"Mficha maradhi kilio humfichua, mama. Mimi sisubiri hicho kilio."

Mkewe akaupeleka ujumbe kwa mzee, akiwa amesimama mbele ya uso wake na kufungua mdomo vizuri. Mzee akakasirika kama mtu aliyeitwa mwizi. Masikio yake hayakuwa na neno, alisema. Neno lilikuwa kwa wengine. Watu wa siku hizi wanaongea kama wana wali mdomoni. Redio za siku hizi ni makopo. Simu ndiyo usiseme. Na kama kuna mtu anataka ushahidi, akaongeza, aende sinema.

Maana sinema ndiyo iliyokuwa wakili wake. Jumba lile lilikuwa na kumbi mbili. Chini kulikuwa na Ukumbi wa Kawaida, wenye viti vya mbao vilivyovikwa sponji na spika kubwa nyuma ya pazia la picha. Juu kulikuwa na Ukumbi wa Fahari. Huko zulia lilipanda mpaka ukutani, spika zilijaa pembeni na darini, na kila kiti kilikuwa na nyingine chini yake, kiasi kwamba lori likipita kwenye picha, makalio hupata habari kabla ya macho. Mzee alipokaa kule chini hakusikia kitu ila mvumo, akatoka akilaani. Alipokwenda juu na kiti kikamtetemesha mpaka kwenye meno, alitoka na machozi.

"Nimesikia kila kitu," alimwambia mkewe siku hiyo. "Kila kitu, mama watoto. Tofauti ni mbingu na ardhi."

Mkewe alikuwa amejaza vipande vya kitambaa masikioni, na bado kichwa kilikuwa kinamwanga. Kwa maoni yake tofauti ya kumbi hizo ilikuwa kwamba chini mtu anasikiliza na juu mtu anapigwa. Tena njiani mzee alimsimulia jinsi dereva wa lori alivyomwambia mdogo wake maneno ya kuagana, mazito, darajani, kabla hajavuka. Mkewe alikuwa amemsikia dereva vizuri sana. Alikuwa anaomba spana ya tairi. Lakini mzee alisimulia kwa raha mno, akamwacha.

Meneja wa sinema naye alikuwa na shida zake. Ukumbi wa Fahari ulikuwa haujai. Watu walipanda ngazi mara moja, wakaona bei ya tiketi, wakashuka, wakasema kule chini wanasikia vizuri tu, shukrani. Alipoambiwa kwamba yule fundi maarufu anayeitwa Sikio anausifu ukumbi wake bila kulipwa, alimfuata mpaka nyumbani na soda mkononi. Akaomba iwe siku ya kusikiliza. Wageni wataalikwa bure. Wataonyeshwa kipande kilekile cha picha, kwanza chini kisha juu, na Sikio atasimama awaeleze wanachokisikia.

Mzee alisoma midomo ya Meneja, akaelewa nusu, akakubali yote. Kisha akamwita binti yake.

"Na wewe uje," alimwambia. "Mlete na Chifu. Nikishindwa kueleza tofauti mbele ya watu, mtoto mchukue. Mpeleke unakotaka. Lakini nikiweza, habari za daktari nisizisikie tena."

"Hutazisikia, baba," alisema binti. Mama yake akamkanyaga mguu.

Siku ya kusikiliza, alasiri, watu walikuja wengi, maana cha bure hakikosi wapenzi. Mzee alivaa koti lake la harusi za watu. Alikaa safu ya mbele. Mkewe alikaa safu ya tatu na binti yao, na Chifu mapajani, amelala usingizi wa mtu aliyekula vizuri.

Walianza chini. Ilikuwa picha ileile ya lori. Mkewe alisikia mbao za daraja zikilia moja moja. Alisikia dereva akikohoa, akimwomba mdogo wake ile spana, na mdogo akijibu kwamba ameisahau nyumbani. Watu wakacheka, maana lilichekesha. Taa zikawaka, na mzee akasimama, akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Mikwaruzo. Maneno yamemezwa. Yule dereva anasema jambo kubwa pale, jambo la kuliza, na nyinyi limewapita."

Wale waliokuwa wamecheka wakatazamana. Mmoja akasema kweli, hata yeye aliona kuna kitu kimempita. Mwanamke mwenye miwani akasema kuna mkwaruzo fulani, alidhani ni masikio yake. Walipokuwa wanapanda ngazi, nusu yao walishaanza kuuonea huruma ule ukumbi wa chini. Mkewe alipanda nyuma yao, akijiambia kwamba huenda mambo yakapita salama, na kwamba yakipita salama leo mtoto atabaki, na mtoto akibaki yeye hatatoka tena kununua uzi. Ndivyo alivyopanga. Angemsikilizia mumewe maisha yote yaliyobaki.

Wakakaa kwenye zulia na viti vya kuzama. Taa zikazimwa. Lori likatokea.

Na hakuna sauti iliyotoka.

Daraja lilikuwa linatikisika pale mbele, kimya. Dereva alifungua mdomo, kimya. Mdogo wake akarusha mikono, kimya. Kisha magurudumu yakafika kwenye mbao, na viti vyote vikaanza kutetemeka. Nyuma, karibu na mlango, fundi wa mitambo alikuwa anamnong'oneza Meneja kwamba mashine ya spika za ukutani na darini imekufa, iliyobaki ni ya viti peke yake. Mkewe alilisikia kila neno, kwa jinsi palivyokuwa kimya.

Akautazama mgongo wa mumewe. Ulikuwa umenyooka, umetulia, wa mtu anayekula muziki. Angeweza kwenda pale mbele, amvute koti, amwambie usoni, kaa kimya, hakuna kitu. Angemwokoa na aibu. Kisha aibu ikishaepukwa, maisha yangerudi palepale, redio na wimbo wa pua na mtoto chini ya kitanda. Alikuwa bado anabishana na nafsi yake mzee aliposimama, uso kwa picha, mkono hewani.

"Mnasikia?" alisema. "Huo ndio usafi wa sauti. Hakuna mkwaruzo hata mmoja."

Kwa hilo hakuna aliyeweza kumbishia.

Watu walikaa na ile sentensi. Wengine walitazama darini, pengine sauti iko huko. Bwana mmoja mwenye tai, ambaye asingekubali kuonekana mshamba kwa gharama yoyote, alikuwa wa kwanza kutoboa. "Ni laini," alisema. "Laini sana." Mwanamke mwenye miwani akaongeza kwamba haiumizi kichwa. Mtu wa nyuma akasema ndiyo maana ni ghali. Meneja, aliyekuwa anatafuta mlango wa kutorokea, alisimama, akajifuta jasho, akaanza kutabasamu kama mtu aliyesamehewa.

"Sikilizeni hapo," aliendelea mzee. "Dereva anamuaga mdogo wake. Sikilizeni ile pumzi."

Kile kiti kilichokuwa kinatetemeka kilimwamsha Chifu. Akafumbua macho gizani, akakuta dunia inatikisika bila maelezo, akafungua mdomo, akalia.

Lazima tuwe wa haki kwa Meneja. Ukumbi ule ulikuwa umejengwa vizuri. Ulijengwa ili sauti isipotee hata chembe, na kile kilio hakikupotea. Kilipanda mpaka darini, kikashuka kwenye kila kiti, kikamfikia kila mtu kana kwamba mtoto amekaa mapajani mwake. Watu wote waligeuka safu ya tatu. Wote, ila mmoja.

"Mtoto atolewe," alisema bwana mwenye tai. "Anatuharibia sauti."

Mzee aliendelea kusifu. Alisifu pumzi, alisifu mbao, akamaliza, akageuka kupokea makofi, na akakuta visogo. Ukumbi mzima ulikuwa umempa mgongo. Akafuata walikotazama. Akamwona mkewe amesimama na mtoto mikononi, na akauona mdomo wa mjukuu wake, umefunguka wote, ulimi unatetemeka, machozi yanashuka, na hakuna chochote kinachotoka humo. Akatazama picha, ambapo dereva naye alikuwa amefungua mdomo. Akarudi kwa mtoto.

Mkewe alimwona anaelewa. Alikuwa amekaa naye miaka mingi, na hakuwahi kuona uso wa mtu mzima ukivuliwa nguo namna ile. Alijuta. Alitamani kwa dakika hiyo mumewe arudi kuwa mjinga.

Mzee alipita njia ya katikati ya viti, taratibu, koti limemkaa vizuri. Hakuomba radhi kwa mtu. Alimchukua Chifu kutoka mikononi mwa mkewe, akamlaza kifuani, kidevu cha mtoto begani, kiganja chake mgongoni. Akafumba macho. Kilio kilimtetemesha kifua kama kile kiti, na alisimama hivyo, akikisikiliza kwa njia iliyobaki, mpaka kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha.

Ndipo akamgeukia Meneja.

"Spika zako zimekufa," alisema. "Zinazofanya kazi ni za viti tu. Warudishe watu chini. Kule wanasikia."

Ukumbi ukafurika maneno. Bwana mwenye tai alisema alijua tangu mwanzo, aliona aibu tu kumkatiza mzee wa watu. Mwanamke mwenye miwani alisema hata yeye. Ikadhihirika kwamba hakuna aliyekuwa amedanganyika.

Familia ilishuka ngazi na kutoka nje. Barabarani palikuwa na jua na pikipiki na mwanamke anayepigia kelele ndizi zake, na mzee alitazama vitu vyote hivyo kama mtu anayetazama nyumba aliyohamishwa. Kisha akasimama mbele ya mkewe ili amwone mdomo.

"Tangu lini hakuna sauti?"

"Tangu picha ilipoanza."

"Siulizi ya ukumbini."

Mkewe alimpangusa koti begani, mahali Chifu alipoacha mate. "Tangu masika ya mwaka juzi," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Kila siku. Ulikuwa umenipa mgongo."

Binti alikuwa amesimama kando, na kama alikuwa amekuja na maneno ya ushindi, aliyaacha huko juu kwenye zulia. "Baba," alisema, akimgusa mkono ageuke. "Kesho nitamleta kama siku zote. Wewe na daktari mtajuana."

Mzee alimtazama mtoto aliyekuwa begani mwake, kisha akatikisa kichwa kukubali, mara moja tu.

Daktari wa masikio alikuwa kijana mpole. Baada ya vipimo alipanga vifaa viwili mezani, akaanza kueleza kwamba hiki ni cha kawaida, na hiki cha pili ni cha hali ya juu zaidi, kina tofauti kubwa ya sauti. Mzee alikuwa ameshachukua cha kawaida na kukitia sikioni kabla sentensi haijaisha.

Siku zilizofuata nyumba ilinyamaza. Mzee alikuwa mezani pake, amempa mkewe mgongo, kile kidude kikichungulia nyuma ya sikio lake kama punje ya mahindi. Alikuwa akishtuka kwa vitu vya ajabu, mfuniko wa sufuria, mlango, miguu yake mwenyewe. Mtoto akiguna tu, babu yuko juu. Mkewe alifurahi, ni kweli alifurahi. Lakini sasa alikuwa anashona mdomo umefungwa, na ilimwelemea. Hakujua kwamba mtu anaweza kuukosa mgongo ambao bado upo.

Asubuhi moja, Chifu akiwa anacheza na bisibisi sakafuni, mguu wa mkewe ulikuwa unakanyaga cherehani na akili iko mbali, na mazoea yakamponyoka.

"Mbishi huyu," aliuambia ule mgongo. "Mji mzima unamtazama, aibu imemjaa, na bado kwanza akamchukua mtoto. Siku ile nilimpenda upya, mzee mjinga."

Mikono juu ya redio ilisimama.

"Nimesikia," ulisema mgongo.

Cherehani nayo ikasimama. Mkewe alihisi uso unamwaka kama msichana. Mzee aliweka chini chuma chake, akakigeuza kiti mpaka akawa anamtazama, kitu ambacho kiti hicho hakikuwahi kufanya tangu kiletwe nyumbani.

"Na yale mengine," alisema. "Ya tangu mwaka juzi. Uliyasema yote?"

"Yote."

"Basi yarudie. Taratibu, moja moja. Hiki kidude bado sijakizoea."

Mkewe alimtazama kwa muda, apime kama anatania. Hakuwa anatania. Akakata uzi kwa meno, akakunja kitambaa, akakiweka pembeni, akavuta kigoda karibu na kusafisha koo.

"Tuanze na dada yako," alisema.